Tumbo la Diwani Tibbets

Nadine Tibbets alikuwa anaijua hali ya mumewe kwa kusikiliza bomba. Maji ya bafuni yakianza kumwagika kabla yeye hajaamka, basi Verlin ametapika tena. Yakiendelea mpaka tangi la maji moto likaisha na mwanamume mzima akaanza kupiga mayowe kwa baridi, basi ametapika sana. Siku hizi tangi lilikuwa linaisha kila asubuhi, na Nadine alikuwa anaosha vyombo kwa maji ya barafu, katika mji ambao hata bila hayo una baridi ya kumtosha kila mtu.

Akimaliza maji ya nyumbani, Verlin hujikausha, huvaa suruali iliyokuwa ikimbana zamani na ambayo sasa ilishikiliwa na mkanda uliotobolewa matundu mapya kwa msumari, kisha huenda zake kwenye bwawa la chemchemi ya moto katikati ya mji wa Marlow. Huko hukaa majini hadi wafanyakazi wamfukuze. Ndani ya maji ya moto tumbo lilitulia. Akitoka tu, linaanza upya. Nadine alikuwa amepika chakula cha shule kwa nusu ya maisha yake, alijua mwili wa mtu anayekula na wa mtu asiyekula, na alichokiona kitandani mwake kilimtisha. Mumewe alikuwa anakwisha. Akiendelea hivyo angekufa, na Nadine hakutaka kuwa mjane kwa sababu ya ubishi wa mtu.

Maana Verlin alikuwa na dawa yake tayari, na dawa yenyewe ilikuwa bangi. Marlow nzima ilijua kwamba bangi inazuia kutapika, na ilijua hivyo kwa sababu Verlin ndiye aliyeiambia. Kabla Colorado haijapiga kura ya kuihalalisha, alikuwa akiuza misumari na mabomba. Wakati wa kampeni alipita mlango hadi mlango akisimulia habari za mama yake, Opal, aliyekufa kwa saratani. Dawa za hospitali zilimtapisha mama huyo mpaka akashindwa kumeza mate, ndipo rafiki mmoja akamletea msokoto kwa siri, na Opal akavuta, akakaa kitako, akala supu. Verlin alipofika kwenye supu alikuwa analia, na waliomsikiliza walilia pia, hata wale waliokuwa wamemfungulia mlango ili wamfukuze. Na haikuwa uongo. Nadine mwenyewe ndiye aliyeipika ile supu.

Kura ikapita. Muuza misumari akafungua duka la kwanza la bangi mjini, lenye msalaba wa kijani mlangoni, na watu wakamchagua diwani. Kilichobaki ni tumbo lake kuwa na adabu.

Sasa Marlow ni mji wa watu wasomi wa afya zao. Hawanunui maziwa kabla ya kusoma maandishi yote yaliyo nyuma ya katoni, na yai wanataka kujua kuku alilala wapi. Kwa hiyo diwani alipoanza kukonda, kila mtu alimletea chanzo. Mwalimu wa yoga alisema ni ngano, Verlin akaacha mkate. Muuza asali alisema ni maziwa, Verlin akaacha jibini. Jirani alisema ni mita mpya ya umeme, na Verlin akaizungushia karatasi ya bati. Mgeni mmoja kutoka California alisema ni uchungu wa mababu uliojificha kwenye utumbo, na Nadine alimsikia mumewe kwa masikio yake akiwasamehe mababu zake mmoja mmoja, kwa sauti, huku akioga.

Madaktari wa Denver nao hawakuachwa nyuma. Waliutazama mfuko wake wa nyongo, hawakupendezwa na sura yake, wakautoa. Verlin alirudi na kovu, akatapika vilevile. Hakuna aliyemuuliza anavuta bangi kiasi gani, na hata wangemuuliza angewajibu kwamba yeye havuti, anajitibu. Alianza zamani na msokoto mmoja wa jioni. Sasa alikuwa kwenye mafuta mazito ya bangi asubuhi, kalamu ya umeme ya kuvutia mvuke wake mchana kutwa, na peremende za bangi kabla ya kulala. Kadiri alivyotapika ndivyo alivyovuta, na kadiri alivyovuta ndivyo alivyotapika.

"Punguza basi uone," Nadine alimwambia.

"Nipunguze dawa wakati ugonjwa unaongezeka? Hebu jisikilize, mke wangu."

Nadine alijisikiliza, akaona anasema sawasawa. Lakini mji mzima ulikuwa upande wa pili, na umoja wa wafanyabiashara ulikuwa umeshasimamisha bango kubwa kwenye barabara ya kuingilia mjini, likimwonyesha Verlin majini, mnene, akicheka, na chini yake maneno "Marlow: Maji na Mmea". Watalii walikuwa wakimtafuta bwawani, wakimkuta hafanani na picha, wakidhani ni baba yake.

Alianguka asubuhi moja ya Januari, kwenye sakafu ya bafu, maji yakiwa bado yanamtiririkia. Nadine alizima bomba, akamfunika taulo zote zilizokuwemo, akapiga simu. Gari la wagonjwa la Marlow linaendeshwa na watu wa kujitolea, na mkuu wao ni Royce Amundsen, mtu mkubwa, mwenye ndevu na utani wa kutosha wilaya tatu. Aliingia bafuni akatazama chini.

"Diwani, umekaa majini mpaka umeiva. Bado chumvi tu."

"Royce, nani anaendesha?" Nadine aliuliza.

"Mimi, nani mwingine?"

"Umevuta?"

"Leo?" Royce alisema, akafikiri kwa muda ambao Nadine aliuona mrefu mno.

Nadine alimpokonya ufunguo. Alivuka mlima mwenyewe, taa zikiwaka, theluji ikipiga kioo cha mbele, huku mkuu wa gari la wagonjwa akiwa amekaa nyuma ameshika chupa ya dripu na kumsimulia mgonjwa vichekesho.

Hospitali iko bondeni, ng'ambo ya mlima. Daktari wa dharura alikuwa mwanamke wa makamo, Imelda Archuleta, wa ukoo wa wafuga kondoo waliokuwa katika bonde lile kabla ya Colorado kuitwa Colorado. Hakukimbilia mashine. Alivuta kiti.

"Mzee, maji ya moto yanakusaidia?"

Uso wa Verlin ulinawiri. Hatimaye amepata anayemwelewa. "Daktari, ndicho kitu pekee!"

"Na bangi unatumia?"

"Kama dawa."

"Kila siku?"

"Dawa hairukwi, daktari."

"Basi hiyo ndiyo inayokutapisha."

Verlin alimtazama kama aliyetukanwa mbele ya mkewe. Daktari akamweleza polepole: bangi kidogo hutuliza tumbo, lakini nyingi, tena kali, miaka nenda miaka rudi, kwa baadhi ya watu hugeuka na kulichafua. Hakuna anayejua vizuri kwa nini huyu na si yule. "Zamani nilikuwa nawaona kwa nadra. Siku hizi nawatambua wakiwa mlangoni. Wengine wakija huuliza daktari yuko wapi. Hawa huuliza bafu liko wapi."

"Binti yangu," Verlin alisema kwa sauti ya diwani, ijapokuwa beseni lilikuwa kifuani mwake, "mimi ndiye niliyeipigania sheria hii wilaya yetu nzima."

"Basi ahsante kwa wateja. Fungua shati."

Daktari akavaa glavu, akafungua dawa ya kuchua, ile krimu ya pilipili ambayo wazee hupaka magotini, akampaka tumbo zima. Verlin alianza kwa kuguna, akaendelea kwa kupiga kelele, akamtaja Mungu na jamaa zake. Baada ya muda akanyamaza. Akashusha beseni. Akavuta pumzi ndefu, na Nadine, ambaye hakuwa amemwona akipumua hivyo kwa miezi, aliona machozi yakimtoka bila ruhusa.

"Pilipili," Verlin alinong'ona.

"Inaudanganya mwili tu, kama maji ya moto," daktari alisema. "Dawa ni kuacha bangi. Yote. Siyo kupunguza."

"Pilipili, Nadine! Miaka yote hii nilikuwa na upungufu wa pilipili!"

Nadine alimtazama daktari, daktari akamtazama Nadine, na hakuna aliyecheka. Sikio la kufa halisikii dawa, hata dawa hiyo ikiwa imepakwa juu ya kitovu.

Kabla theluji ya wiki ile haijafagiliwa, duka la Verlin lilikuwa na bidhaa mpya. Aliiita "Krimu ya Diwani": pilipili ya New Mexico na mafuta ya bangi, kwenye kichupa chenye picha ya mlima. Aliipanga chini ya mafuta mazito ya kuvuta, ili mteja anunue ugonjwa rafu ya juu na nafuu rafu ya chini bila kuhangaika. Na watu walinunua! Mwalimu wa yoga alinunua. Jirani wa mita alinunua. Kuna waliojipaka kisha wakajifuta macho, na gari la Royce likapata safari za ziada kwenda bondeni, likibeba watu wenye matumbo shwari waliokuwa wanalia.

"Verlin," Nadine alisema, "unawasha moto kisha unauza ndoo."

"Dawa ya moto ni moto."

"Usinichezee methali. Daktari amesema uache."

"Daktari anaona wagonjwa tu. Mimi naona waliopona."

"Waliopona wako wapi? Nionyeshe mmoja. Wewe? Hebu panda mizani hapo tuone aliyepona!"

Hakupanda. Alienda bafuni, na muda si mrefu tangi likaisha.

Mara ya pili alianguka hadharani. Ilikuwa sherehe ya Wiki ya Maji, bwawa limejaa watalii, na Verlin alikuwa anahutubia akiwa majini hadi kifuani, kipaza sauti mkononi. Alifika kwenye habari za mama yake na supu. Alisema, "Akakaa kitako, akasema, Verlin, mwanangu, nina njaa," kisha macho yakageuka, akazama, na watalii wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya onyesho. Nadine aliruka na koti lake na viatu vyake. Alimshika kwapani akamwinua, na hilo ndilo lililomvunja moyo kuliko yote: jinsi alivyokuwa mwepesi.

Safari hii Daktari Archuleta hakufanya mzaha. Alimwita Nadine pembeni akamwambia figo zimeacha kufanya kazi. Mwili umekauka kwa kutapika, na maji ya moto ya kutwa yakamalizia kumkausha. Wakimjaza maji huenda zikaamka. "Akirudi hivi tena, mama, mimi sina ahadi ya kukupa."

Alikaa siku nyingi kwenye mashine na dripu. Mchana mmoja, akiwa na akili zake, Nadine alikuwa anamkata kucha, na Verlin akasema huku ametazama dari:

"Mimi si mjinga, Nadine. Nilimsikia yule daktari tangu siku ya kwanza."

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia. Lakini nikisema mmea ndio unaoniua, nitakuwa nimesema nini juu ya mama? Kwamba alidanganyika? Kwamba ile supu haikuwa kitu?"

Nadine aliweka mkasi chini. Alikuwa na hasira ya miaka miwili, na alikuwa ameiandalia maneno makali, lakini yaliyokuja yalikuwa mengine.

"Supu niliipika mimi, kwa hiyo nisikilize. Mama yako alikuwa anakufa, na ule msokoto ulimpa jioni moja ya kula kama mtu. Nitaushukuru mpaka naingia kaburini. Lakini wewe hukuwa unakufa, Verlin. Ulikuwa mzima! Ulichukua dawa ya mtu anayekufa ukaila kama karanga. Mama yako angekuwepo angekuchapa."

Verlin alicheka, kicheko kikageuka kilio, naye akalia kama mtoto, kwa kwikwi, huku Nadine amemshika mkono ambao kucha zake zilikuwa zimekatwa nusu.

Aliacha. Haikuwa kazi ya kusimuliwa kwa uzuri. Kwa majuma kadhaa alikuwa halali, anatoa jasho, anagombana na kibaniko cha mkate. Mara mbili alimwomba Nadine ufunguo wa duka "akaangalie taa tu", na mara mbili Nadine akauweka ufunguo kifuani akamwambia aje auchukue kama ana nguvu. Kisha asubuhi moja Nadine aliamka, jua limeshapanda, akasikia kimya. Bomba halisemi. Alidhani amekufa. Alikimbia bila viatu, akamkuta jikoni amevaa aproni yake, anakaanga mayai na pilipili ya kijani, ya kula, siyo ya kupaka. Nadine alimtukana matusi yote ya jikoni la shule, kisha akakaa na kudai sahani yake.

Angeweza kuishia hapo. Mtu amepona, anyamaze, ale mayai yake. Nadine ndiye aliyetaka hivyo, wala haoni haya kusema. Lakini Verlin hakuweza kuvaa suruali zake mpya bila kuwaza walioko bwawani.

"Mimi ndiye niliyewauzia," alisema. "Mpaka na hadithi."

Kwa hiyo aliiondoa krimu dukani, akaenda kwenye kikao cha baraza Jumamosi mchana. Ajenda ilikuwa kupanua bwawa. Mwenyekiti alieleza kwa fahari kwamba wakazi wanaokaa majini kutwa wamekuwa wengi kuliko wakati wowote, jambo linaloonyesha jinsi Marlow inavyojali afya. Ukumbi ulijaa. Verlin akasimama, akasema yote: kutapika, maji ya moto, figo, daktari, kuacha. Akasema bangi ilimfaa mama yake na ingali inawafaa wengine, lakini yeye ilikuwa inamzika, na kama kuna mtu humu ambaye tumbo lake linatulia kwenye maji ya moto tu, basi aende bondeni leo, asingoje kesho.

Sauti ya Royce ikanguruma kutoka nyuma:

"Diwani amekula ngano!"

Ukumbi ulilipuka. Walicheka mpaka mwenyekiti akafuta macho. Mwalimu wa yoga alisema kwa upole kwamba sumu ikitoka mwilini huanza na mawazo. Mwingine akauliza kampuni ya vidonge imempa nini. Kura ikapigwa, bwawa lipanuliwe, na aliyepinga alikuwa Verlin peke yake. Alivaa kofia yake akatoka, masikio mekundu, na Nadine akamfuata huku akimchukia kila mtu mle ambaye yeye mwenyewe alimlisha shuleni.

Nje baridi ilikuwa ya kukata. Nadine alikuwa ameshawasha gari waliposikia nyayo kwenye theluji. Alikuwa Royce, bila kofia, nywele na ndevu zimeganda barafu, maana zilikuwa bado zimelowa maji ya bwawa alipotoka ndani. Aliinama kwenye dirisha la Verlin. Alitazama nyuma, kisha kando, kisha vidole vyake mwenyewe.

"Verlin, bwana. Ile krimu... imebaki hata kichupa?"

"Nimeitupa."

"Ah. Hapana, nilikuwa nauliza tu. Ni kwa ajili ya shemeji yangu." Alijaribu kucheka, akajikunja ghafla, mkono tumboni, mwingine kwenye mlango wa gari. Aliponyanyua uso ulikuwa mweupe. "Tangu Oktoba," alisema kwa sauti ndogo ambayo Nadine hakujua kwamba mtu yule mkubwa anayo. "Usimwambie mtu, Verlin. Mimi ndiye ninayebeba wagonjwa."

Verlin hakumcheka. Nadine alingoja amcheke, na kama angemcheka angemsamehe. Badala yake aliteremka, akamfungulia mlango wa nyuma, akamshika kiwiko.

"Ingia. Mama wa pilipili yuko zamu."

Royce akaingia. Nadine alitia gia, akatazama kioo cha nyuma ili arudi kinyumenyume, na mguu wake ukabaki kwenye breki. Mwalimu wa yoga alikuwa amesimama chini ya veranda ya ukumbi, anapekua mkoba kama anayetafuta ufunguo. Nyuma yake jirani wa mita ya umeme alikuwa anajipapasa mifukoni. Muuza asali alikuwepo. Mwenyekiti naye alikuwa anatoka, taratibu, akitazama viatu vyake. Kila mmoja alikuwa peke yake, kila mmoja anatafuta ufunguo asioupata, na nywele zao zote zilikuwa zinaganda.

Nadine alizima injini, akashusha kioo.

"Haya, acheni kujipapasa!" alipaza sauti. "Nani anajua ufunguo wa basi la shule uko wapi?"